Fundi wa Nyumba ya Kupangisha: Kumtafuta, Kupatana Naye na Kumlipa

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wenye nyumba na wapangaji, Dar es Salaam



Nilipoombwa kuandaa mada hii niliambiwa niwaeleze namna ya kumpata fundi au mkandarasi mwaminifu. Nimekubali, ila jambo moja lifahamike mapema. Uaminifu wa mtu haupimwi kwa macho, wala kwa maneno matamu ya siku ya kwanza. Tunachoweza kukipima ni kazi aliyokwisha kuifanya, vyeti alivyo navyo na masharti tuliyokubaliana naye. Kwa sababu hiyo sitasema mengi juu ya tabia za watu.

Mimi mwenyewe niliyajua haya kwa hasara. Marehemu mama alituachia nyumba yenye vyumba sita vya kupangisha, na mwaka mmoja, wiki chache kabla ya masika, wapangaji wakaanza kulalamika kuwa dari linalowa. Jirani akaniletea fundi. Kijana alipanda juu, akashuka baada ya dakika kumi, akaniambia paa zima limekwisha. Akataja shilingi milioni nne na nusu, na akaomba milioni tatu za kununulia vifaa. Nilimpa fedha hizo mkononi, bila karatasi, kwa kuwa alikuwa ameletwa na jirani na alikuwa amenisalimia kwa adabu. Akaezua upande mmoja wa nyumba. Siku ya tatu hakuja, na simu yake haikupatikana. Siku ya sita mvua ikanyesha usiku kucha.

Sitaki kuwaelezea sana usiku ule. Mpangaji mmoja alikuwa na mtoto wa miezi minne. Walihamia kwa dada yake wakiwa na godoro lililolowa, nami nikalazimika kuwarudishia kodi ya miezi iliyobaki. Fundi wa pili, mzee mmoja aliyekaa juu ya paa asubuhi nzima, alinionyesha kwamba bati lilikuwa zima kabisa. Kofia ilikuwa imefunguka, na raba za misumari zilikuwa zimeoza. Kazi ile ingekwisha kwa kiasi kisichofika laki tano.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu wengi wetu, tukiulizwa tulikosea wapi, tunajibu kwamba tulipata fundi tapeli. Ni kweli, lakini tapeli yule alikuta mlango uko wazi. Nilinunua paa jipya kabla ya kujua paa la zamani lina ugonjwa gani.

Basi tuanze hapo. Fundi anayekuja kutazama tatizo ana masilahi katika jibu analolitoa. Hilo si dhambi. Ndivyo biashara ilivyo. Fundi rangi ataona ukuta unahitaji rangi, na fundi wa marumaru ataona sakafu inahitaji marumaru. Chukueni mfano wa ukuta wa chumba unaotoa unyevu kwa chini, lipu inabanduka na unga mweupe kama chumvi unajitokeza. Mwenye nyumba humwita fundi rangi. Ukuta hukwanguliwa, hupakwa rangi nzuri, mpangaji mpya huingia, na baada ya miezi mitatu madoa hurudi palepale. Huenda bomba linavuja ndani ya ukuta ule. Huenda maji ya bafu la jirani yanapita chini ya msingi, au uwanja wa nje umeinuka kwa kumwagiwa vifusi mwaka hadi mwaka, hata udongo umepita kimo cha msingi na maji ya mvua yanalala ukutani. Rangi haitibu hata kimoja kati ya hivyo. Kabla hujaita mtu wa kufanya kazi, ita watu wawili au watatu wa kutazama, kila mmoja kwa wakati wake, na usimwambie wa pili alichosema wa kwanza. Mlipe kila mmoja nauli na kitu kidogo cha usumbufu. Fedha hiyo ndogo ndiyo itakayokupa uhuru wa kumwambia asante, nitafikiri. Na mwulize mpangaji. Yeye ndiye anayelala chumbani humo. Anajua maji huja saa ngapi, upande gani, na kama huja mvua inaponyesha au hata wakati wa kiangazi.

Hapa wapangaji huniuliza: matengenezo ni wajibu wa nani? Someni kwanza mkataba wenu wa upangaji. Pale ambapo mkataba hausemi vinginevyo, Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inamtaka mwenye nyumba aliyepangisha sehemu ya jengo kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na maeneo yanayotumiwa na wote. Inataka pia chumba au nyumba ya kuishi iwe katika hali ya kufaa kukaliwa na binadamu, mwanzoni na wakati wote wa upangaji. Kitasa ulichokivunja mwenyewe ni chako. Paa si lako. Lakini, ndugu mpangaji, usiite fundi kwa niaba ya mwenye nyumba ukitumaini kukata gharama kwenye kodi. Pata kwanza ruhusa yake ya maandishi, walau ujumbe wa simu unaotaja kazi na kiasi. Nimeona watu wakikosana vibaya kwa ajili ya tangi la maji ambalo kila mmoja aliamini mwenzake ndiye aliyekubali kulilipia.

Sasa, ni nani wa kuitwa? Jibu linategemea ukubwa na hatari ya kazi. Kubadilisha koki, kuziba ufa wa lipu, kupaka rangi, kurekebisha mlango: fundi wa mtaa wako mwenye sifa njema anatosha, na wengi wao wana mikono mizuri kuliko vyeti vyao. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, kwa hiyo siku hizi hata fundi ambaye hakukaa darasani anaweza kuwa na cheti cha kuonyesha. Mwulize. Asipokuwa nacho usimfukuze; tazama kazi zake.

Umeme ni habari nyingine. Mafundi wa kufunga umeme majumbani hupewa leseni na EWURA, kwa madaraja, na leseni hiyo unaweza kuomba uione. Katika nyumba za kupangisha hatari huwa kubwa zaidi kwa sababu tunaongeza vyumba uani na kuvuta waya mmoja kutoka chumba hadi chumba, kisha kila mpangaji anaingiza pasi, jiko na friji. Sakiti breka ikianza kukatika mara kwa mara inakupa taarifa. Fundi anayekuambia kwamba dawa ni kufunga breka kubwa zaidi, bila kugusa waya, mwondoe siku hiyohiyo: waya uleule utapata moto na breka haitakatika tena. Na nyumba isiyo na waya wa kwenda ardhini, hata kama taa zinawaka vizuri, haijamaliza kufungwa umeme.

Kazi inayogusa mifupa ya jengo, yaani kuondoa ukuta ili vyumba viwili viwe kimoja, kuongeza ghorofa, kukata nguzo au kuchimba karibu na msingi, si ya fundi wa kuitwa kwa simu. Kazi hiyo inahitaji mhandisi, kibali cha ujenzi cha halmashauri, na mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo wamegawanywa katika madaraja saba. La kwanza ndilo la kazi kubwa kuliko zote, na la saba ni la kazi ndogo. Mtu akikuambia yeye ni mkandarasi, mwombe jina kamili la kampuni na namba ya usajili, kisha thibitisha Bodi wenyewe. Kivuli cha cheti hakitoshi; mashine za kutoa vivuli ziko kila kona. Wakazi wa jiji hili hawajasahau mwezi Machi 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu 36. Vyumba vyetu vya uani si maghorofa, najua. Lakini ukuta unaobeba paa ukiondolewa, mwenye kulala chini yake ni mpangaji.

Mkishapata majina mawili au matatu, kaangalieni kazi zao. Na hapa nina ushauri ambao mafundi hawaupendi. Usiombe kuonyeshwa kazi iliyokamilika juzi, kwa kuwa kila kazi ya juzi inang'aa. Omba kuonyeshwa kazi iliyopita masika mawili. Gonga marumaru kwa kidole, usikilize kama chini kuna uwazi. Tazama kama lipu ina nyufa kwenye pembe za madirisha. Kisha zungumza na mwenye nyumba ile bila fundi kuwapo, umwulize maswali mawili: je, alipoitwa kurekebisha kasoro alirudi? Je, bei ya mwisho ilikuwa ileile ya mwanzo? Jibu la swali la kwanza lina thamani kuliko sifa zote, kwa sababu hakuna kazi ya ujenzi isiyo na kasoro.

Tuje kwenye bei. Sisi wenye nyumba tuna desturi ya kuuliza, "Kazi hii shilingi ngapi?" na kupewa namba moja. Namba moja haikusaidii kulinganisha chochote. Omba mchanganuo: vifaa kwa idadi na aina, ufundi peke yake, usafiri peke yake. Usikubali neno "bati" bila geji. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na bei yake ni tofauti. Usikubali neno "saruji" bila kutaja nguvu yake, 32.5 au 42.5. Mchanganuo ukiwa hivyo, utaona mara moja kwamba bei ya chini kuliko zote imetokana na bati jembamba, au na fundi aliyesahau kuhesabu kofia na misumari, ambavyo atakuja kukudai katikati ya kazi wakati nyumba iko wazi na huna ujanja.

Je, ununue vifaa mwenyewe au umwachie fundi? Wengi hununua wenyewe wakiogopa "cha juu". Hofu hiyo ina msingi. Kuna maduka ambayo fundi akileta mteja hupata chake, na bei ya mteja hupanda kwa kiasi hichohicho. Lakini nimeona pia mwenye nyumba akinunua mwenyewe rangi ya bei rahisi, kisha akamlaumu fundi ilipobanduka. Njia ninayoipendelea ni hii: fundi aandike orodha, wewe uende nayo maduka mawili ambayo hakuyachagua yeye, ununue kwa awamu na kudai risiti ya EFD kwa jina lako. Saruji usinunue yote kwa pamoja. Mfuko uliokaa chini sakafuni wiki kadhaa msimu wa mvua unaganda. Na mfuko una kilo 50. Mfuko uliokwisha kufunguliwa na kushonwa tena usiupokee. Vifaa vikifika, vihesabiwe mbele ya mtu wa nyumbani na kuandikwa kwenye daftari. Mabaki ya mwisho wa kazi ni yako, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kijana wa saidia fundi akiomba kopo la rangi lililobaki, ukimpa kwa hiari, hilo ni jambo jema. Lisiondoke kwa kificho.

Kuhusu malipo nitasema bila kuzunguka. Fedha ikitangulia sana mbele ya kazi, nguvu yote iko upande wa fundi. Ikichelewa sana nyuma ya kazi, fundi atakwenda kwa mteja mwingine, naye ana haki, maana nyumbani kwake wanakula kila siku. Gawanyeni kazi katika hatua zinazoonekana kwa macho, na kila hatua iwe na malipo yake. Kwa paa, kwa mfano: kiasi kidogo cha kuanzia, sehemu ya pili kenchi na papi zikishakaguliwa, kabla bati halijafunika kitu, sehemu ya tatu bati na kofia zikishafungwa, na akiba ya mwisho, tuseme moja ya kumi, ilipwe baada ya mvua kubwa ya kwanza au baada ya muda mtakaoutaja. Makandarasi huuita muda huo kipindi cha matazamio. Fundi mzuri hatashangaa ukiutaja, bali atataka kujua tu ni siku ngapi, na anayo haki ya kulijua hilo kwa tarehe. Lipeni kwa simu au benki, kwa jina la mtu mliyeandikiana naye. Akisema tuma kwa namba ya shemeji yake, mwulize kwa nini.

Jambo la kukagua kabla ya kufunika lina uzito kuliko linavyosikika. Bomba kabla ya kufukiwa, lifungulieni maji na kuliacha usiku mmoja. Waya kabla ya lipu. Nondo kabla ya zege. Ukipiga picha kwa simu yako hatua hizo, siku ya tatizo utajua pa kuchimba bila kubomoa ukuta mzima. Na lipu au zege likishamwagwa, linataka kumwagiliwa maji kwa siku saba hivi. Kazi hiyo mara nyingi si ya yeyote, kwa hiyo haifanywi. Andikeni ni ya nani.

Nimesema "andikeni". Najua kuna wanaoona kwamba karatasi ni dalili ya kutoaminiana. Makubaliano ya mdomo ni mkataba pia kisheria, lakini siku ya ugomvi kila mmoja atakumbuka mdomo wake. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unatosha: majina na namba za vitambulisho vya NIDA, kazi yenyewe kwa undani, nani analeta nini, bei, hatua za malipo, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kipindi cha matazamio, na kipengele kimoja ambacho watu hukisahau: kazi ya nyongeza haitalipwa isipokuwa imeandikwa na kukubaliwa bei kabla ya kufanywa. Kipengele hicho kinamlinda fundi sawasawa na mteja. Nami nasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu wenye nyumba tunaojiona tumeonewa tuna madhambi yetu. "Ukiwa hapo hapo, nisaidie na kile choo," tunasema, kisha siku ya malipo tunashangaa bei imepanda. Baadhi yetu huanza kutafuta kasoro siku ileile ambayo malipo ya mwisho yanadaiwa. Mafundi wanatujua, na wanazungumza. Mteja wa namna hiyo hupata mafundi ambao wengine wamewakataa.

Katika nyumba yenye wapangaji kuna watu wa tatu kazini. Wapeni taarifa siku kadhaa kabla, mkitaja vyumba na saa. Fundi asiingie chumba cha mpangaji asiyekuwapo. Akiingia kwa lazima, awe na mtu mliyemkubali wote wawili. Redio ikipotea baadaye, fundi asiye na hatia ataitwa mwizi, na mpangaji mwenye haki ataitwa mwongo. Mkikarabati choo cha pamoja, amueni kwanza watu watajisaidia wapi siku hizo, kabla sinki la zamani halijang'olewa. Na kijana akipanda paani, ulizeni mapema ni nani mwajiri wake. Mkandarasi mwenye wafanyakazi anatakiwa kuwa amejisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF; mtake akuonyeshe.

Mambo yakiharibika licha ya yote hayo, usikimbilie polisi siku ya kwanza wala kuzuia vifaa vya fundi wa watu. Mwandikie ujumbe unaotaja kasoro, ambatisha picha, mpe siku za kurudi. Asiporudi, ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kuwaita wote wawili kuzungumza, na mengi huishia hapo. Dai la fedha linaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri husikilizwa kwa Kiswahili na ukurasa wako mmoja utafanya kazi kubwa. Kama ni mkandarasi aliyesajiliwa, malalamiko yapelekwe kwa Bodi. Kama ni fundi umeme mwenye leseni, EWURA. Aliyetoa fedha nyingi kwa mtu asiye na jina kamili, namba wala shahidi, sisi ofisini tunampokea na kumsikiliza, lakini mara nyingi tunabaki tukitazamana.

Mtaniuliza kama yule kijana wa paa alipatikana. Hakupatikana. Mzee aliyekuja baada yake ndiye anayetengeneza nyumba ile hadi leo, na kila mwaka kabla ya masika hupanda juu kukagua raba za misumari kwa malipo ya nusu siku.

Nakala za mfano wa makubaliano ziko mezani, karibu na mlango. Chukueni mbili mbili, moja ni ya fundi. Namwona mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja "cha juu". Karibu, mama, tunakusikiliza.